Wifi Kaigusa Tena Ratiba Yangu

Mabela, Maskati, mwaka 1429

Shaabani 28

Bader, mkubwa wetu, ametuita ofisini kwake leo, mimi na Rahaf, akatuambia kwamba nafasi ya mkuu wa uendeshaji itakuwa wazi baada ya Idi na mmoja wetu ataipata. Atatazama kazi zetu za mwezi mzima wa Ramadhani, kisha ataamua. Nilitabasamu. Rahaf naye alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa zuri kuliko langu, kama kawaida yake.

Niyaandike mambo yalivyo, maana shajara hii naianza kwa hasira na sitaki siku nikiisoma nisijue hasira ilitoka wapi. Kazi yangu ni kupanga ratiba. Kila siku kabla ya adhuhuri naandika umeme wa kesho utatoka wapi: mtambo gani uwashwe, utoe kiasi gani, upumzike saa ngapi. Naanza na mitambo yenye umeme rahisi, na ya ghali naiacha mwisho. Ratiba ikitoka kwangu inakwenda chumba cha kuongozea, penye ukuta mzima wa taa nyekundu na kijani, na huko ndiko anakokaa Rahaf. Yeye ana ruhusa ya kuibadilisha akiona gridi itaelemewa. Basi anaibadilisha. Penye sababu anaandika maneno matatu tu, usalama wa gridi, na hakuna anayemuuliza zaidi.

Kila anapoibadilisha, Bader anaona kwamba mpango wangu haukusimama. Hilo ndilo linaloniuma.

Na Rahaf ni wifi yangu, mdogo wake Salem, mume wangu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, kwa mdomo wangu huu.

Ramadhani mosi

Joto na mvuke, nguo zinaganda mwilini. Rahaf ameigusa ratiba yangu. Usalama wa gridi.

Ramadhani 2

Ameigusa tena.

Ramadhani 5

Leo kanipigia simu mwenyewe, sauti tamu.

"Wifi, n'mewaambia wamuwashe Ajuza."

Ajuza ndilo jina tunalouita mtambo mkongwe wa upande wa mjini. Unakula gesi bila huruma, na unataka nusu siku kupata moto, kwa hiyo ukiutaka jioni lazima uuamshe asubuhi. Mimi siuweki kwenye ratiba ila nikishikwa pabaya.

"Wa nini?" nikamuuliza. "Mitambo ya pwani bado ina nafasi."

"Nafasi inayo, wifi, njia ndo haina. Umeme wote wa pwani unapitia transfoma ya kwenu Mabela, na jioni inachemka. Ajuza akiwaka, mji utakula kwake, transfoma ipumue."

"Mwaka jana haikuchemka."

"Mwaka jana umepita, wifi yangu."

Jioni alikuja kufuturu kwetu, kama anavyofanya siku nyingi akiwa zamu ya mchana. Mumewe yuko kwenye visima vya mafuta huko jangwani, na nyumba yao ya Ruwi haina mtu wa kula naye, kwa hiyo simlaumu kwa kuja. Namlaumu kwa jinsi anavyopokewa. Bi Kheiria, mama mkwe wangu, hainuki kwa mtu kwa sababu ya magoti, lakini kwa Rahaf anainuka. Sambusa za nyama zilizofungwa vizuri anaziweka kando, anazifunika na sahani.

"Mwanangu huyu ndo anayewasha taa za Maskati nzima," akamwambia mjukuu wake.

"Na mimi je, Mama?" nikasema, nikicheka ili ionekane mzaha.

"Wewe unaandika, mwanangu. Yeye ndo anawasha."

Salem akacheka mpaka akapaliwa na uji. Nimeosha vyombo leo kwa kelele kuliko inavyohitajika.

Ramadhani 8

Kaigusa.

Ramadhani 11, Ijumaa

Nilidhani nimepata dawa yake. Ratiba ya leo nilimweka Ajuza mwenyewe, mapema, ili Rahaf asipate la kubadilisha. Ameuzima!

Nikampigia kutoka nyumbani nikiwa na unga mikononi. "Rahaf, juzi unauwasha, leo unauzima. Unanitafuta nini?"

"Leo Ijumaa, wifi. Maofisi yamefungwa, na nusu ya watu wamekwenda kwao vijijini. Ajuza tutampa nani?"

Alikuwa sahihi. Ndiyo maana nilikata simu bila kuaga.

Ramadhani 13

Rahaf kaja kufuturu. Kabla ya adhana alisimama nje ya geti muda mrefu, akitazama mtaa wetu huku na huku.

"Nyumba ile nyeupe wameshahamia?" akaniuliza.

"Wameshahamia."

"Na ile ya pili yake?"

"Nayo."

"Wana viyoyozi vingi, wallahi."

Nikasema moyoni, anatupigia hesabu nyumba zetu kwa sababu yeye anakaa kwenye fleti. Nilipata raha kidogo. Kumbe na mimi nina cha kuonewa wivu. Nikamwonyesha na marumaru mpya za barazani, ingawa aliziona tangu mwaka jana.

Ramadhani 14

Kaigusa. Bader amepita mezani kwangu, akasema, "Rahaf yuko macho sana mwezi huu." Nilimwitikia kwamba kweli, yuko macho. Nikaingia msalani nikalia, halafu nikatia udhu juu ya machozi yaleyale.

Ramadhani 16

Mume wake Rahaf karudi kutoka jangwani. Kesho hatakuwa kazini. Mutasim ndiye atakayeshika zamu ya mchana, na Mutasim ni kijana mtulivu asiyebadilisha hata mkao wa kiti.

Ramadhani 17

Alasiri. Ratiba yangu haijaguswa! Nimeiangalia mara kadhaa kwenye kompyuta na imekaa vilevile nilivyoiandika, safi, bila Ajuza, rahisi kuliko siku zote za mwezi huu. Bader ataiona. Ninarudi nyumbani kupika biriani, na leo hakuna mgeni wa kuwekewa sambusa kando.

Ramadhani 18

Jana sikuweza kuandika zaidi. Naandika sasa.

Adhana ilipolia tulikuwa tumekaa kwenye mkeka. Salem alikuwa ndiyo kwanza ametia tende mdomoni. Taa zikafifia, zikarudi, zikafifia tena, viyoyozi vikakohoa, kisha Mabela yote ikazimika. Tukaisikia adhana ya msikiti wa mbali, wa upande ambao umeme ulikuwepo bado.

Watoto wakaanza kupiga kelele. Joto lilitukamata palepale. Bi Kheiria alikuwa amefunga licha ya umri wake na sukari yake, na kabla hajanywa maji ya kutosha alianza kutokwa jasho jembamba na kusema maneno yasiyoshikana. Salem akambeba hadi garini, akawasha ubaridi wa gari, akakaa naye humo akimnywesha maji kwa kijiko. Mimi nikasimama barabarani na simu mkononi. Majirani wote walikuwa nje, wanawake kwa shela za kuswalia, wanaume na vikombe vya uji. Wanajua kazi ninayofanya. Jirani wa nyumba nyeupe akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Dada Nasriya, kuna nini?"

Nikampigia Mutasim. Alikuwa bado kazini, hajatoka kwa sababu ya balaa hilo.

"Transfoma ya Mabela imejikata, dada. Imezidiwa."

"Hukumuwasha Ajuza?"

"Kwenye ratiba yako hakuwemo, dada. Mie n'mefuata ratiba kama ulivyoiandika."

Kumuamsha Ajuza saa ile ilikuwa kazi bure, angepata moto watu wamekwisha kula daku. Wakaurudisha umeme kidogo kidogo, mtaa baada ya mtaa, na sisi ukatufikia watu wakitoka tarawehe. Bi Kheiria alikuwa ameshapata nafuu. Neno la kwanza alilolisema lililoeleweka lilikuwa, "Rahaf yuko wapi leo?"

Asubuhi nilikwenda kutafuta kosa, nikalikuta haraka. Kwa upande wa Mabela nilichukua matumizi ya mwaka jana nikaongeza kile tunachoongeza kila mwaka. Lakini mwaka huu watu wamezijaza nyumba mpya zote kwa mkupuo mmoja, kila mtu akikimbilia kuingia kwake kabla ya Ramadhani ili afunge mwezi nyumbani mwake. Na mimi nayajua hayo! Tangu mosi nawapelekea majirani wapya sahani za futari, mandazi hapa, tambi kule, na wao wananirudishia sahani na vyakula vyao. Jikoni nimepika kwa ajili yao, na kwenye ratiba nimewasahau. Rahaf asiye wa mtaa huu aliwaona kwa kusimama getini mara moja.

Amerudi kazini leo. Nilimngojea aseme. Angenisema, ningekuwa na cha kumchukia. Alisema tu, "Mama vipi? N'takuja n'mwangalie." Na ratiba ya jioni akaigusa, akamuamsha Ajuza, ingawa leo ni Ijumaa.

Ramadhani 20

Nimeongeza Mabela kwenye hesabu zangu. Hajaigusa leo. Sikufurahi, maana ni kama mwanafunzi aliyesahihishiwa.

Ramadhani 23

Rahaf amehamia zamu ya usiku. Nyumba imetulia. Bi Kheiria anauliza kila futari kama mwanawe amekula huko aliko, na Salem anatumwa mjini na kikapu, mwanamume mzima, kumpelekea dada yake futari ofisini. Mimi nimekaa kwenye ofisi hiyohiyo miaka kumi na mitatu na sijaletewa hata kaimati moja.

Ramadhani 27

Nina wivu. Naliandika neno lenyewe, nimechoka kulizungushia ua.

Leo Bi Kheiria amefungua kasha lake akatoa bangili za dhahabu za mama yake, zilizotoka Ujiji zikiwa zimeshonewa ndani ya mto wa mtoto, zile ambazo kila harusi anazivaa na kila mtu anazijua. Rahaf alikuwa amepita kumsalimia kabla ya zamu. Akamvika mbele yangu, mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Miaka kumi na sita nampikia mwanamke huyu. Namkata kucha za miguu. Nikasema "mashallah, zimekukaa vizuri," nikakimbilia jikoni nikijifanya nasikia kitu kinaungua.

Ramadhani 29

Leo ni siku ya kazi ngumu kuliko zote za mwaka kwa mpangaji ratiba. Mwezi ukiandama magharibi, kesho ni Idi: maofisi yamefungwa, maduka yamefungwa, watu wako uwanjani kuswali halafu wanatawanyika vijijini, na umeme unaotakiwa asubuhi unaanguka vibaya. Usipoandama, kesho ni siku ya kufunga na ya kazi kama nyingine. Mimi ratiba naitoa adhuhuri, na mwezi hauna mazoea ya kuandama adhuhuri. Kwa hiyo desturi yetu, tangu niingie kazi hii, ni kuandika ratiba mbili, na baada ya tangazo mpangaji anampigia mwongozaji, anamwambia ashike ipi.

Nimeandika moja. Ya kufunga.

Sababu ninayo. Wajuzi wa hesabu za nyota wamesema leo mwezi utazama karibu pamoja na jua na jicho halitauona. Lakini hiyo ni sababu ya kumpa Bader. Sababu yangu mimi ni kwamba usiku wa leo mwenye zamu ni Rahaf.

Alinipigia alasiri kabla ya kwenda kazini. "Wifi, ya Idi siioni."

"Hakuna ya Idi. Ratiba ni moja."

"Na mwezi ukiandama?"

"Utabadilisha. Si ndiyo kazi yako? Andika usalama wa gridi."

Nikazisikia bangili zikigongana kwenye simu. "Haya, wifi," akasema.

Magharibi imeingia. Televisheni iko wazi na watu wamekaa wanangoja tangazo.

Umeandama.

Idi mosi

Watoto wana nguo mpya, nyumba inanukia udi, na mimi sina raha hata chembe.

Tulirudi kutoka kuswali, Rahaf hajafika. Bi Kheiria alikataa kula mpaka mwanawe aje. Alikuja jua likiwa juu, macho mekundu, sauti imemkauka. Alikuwa akipiga simu kituo kimoja baada ya kingine, huyu azime, huyu apunguze lakini asipoe, kwa sababu jioni ya Idi watu wakirudi majumbani wanataka umeme wao wote kwa pamoja. Watu wakiwa kwenye swala, mtambo mmoja wa pwani ulishindwa kushuka zaidi, ukajizima wenyewe. Angekuwa Mutasim, mji ungepotea. Rahaf alikuwa amemuweka Ajuza moto wa chini tangu tangazo, kwa tahadhari, akampandisha, na hakuna taa iliyotikisika Maskati. Watu wameswali na vipaza sauti vyao, wamerudi, wamekula mchuzi wao, hawana habari.

Yote haya hakunihadithia mimi. Alimhadithia kaka yake, akiwa amelala kwenye zulia na kichwa mapajani mwa mama yake.

Bader akapiga simu. Kwao Bader ni Kigoma ya zamani, akitaka kusema la moyoni huacha Kiarabu akaja kwenye Kiswahili. "Idi mubarak, Nasriya. Nimeuliza khabari za ule mtambo uliojizima. Rahaf kaniambia ratiba ya Idi ulimsomea kwa simu, yeye ndo hakuwahi kuiingiza kwenye kompyuta. Basi nnakwambia, ile ratiba imetuokoa. Baada ya likizo njoo tuzungumze juu ya ile nafasi. Ni yako."

Niligeuka kumtazama Rahaf. Alikuwa ameshasinzia.

Idi pili

Wageni. Nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Idi tatu

Siwezi kulala vizuri wala kula. Ningeipata nafasi hii kwa jasho langu, ningechinja mbuzi. Ningeipata kwa ujanja wangu, pia ningechinja. Lakini nitakaaje kwenye meza niliyopewa na Rahaf? Kila nikitia saini nitajua ni yeye. Kanishinda kwenye kazi, kanishinda kwa mama yake, na sasa kanishinda kwa wema. Huo wema wake ndio ninaouonea wivu kuliko bangili.

Shawali 5

Nimekwenda kwa Bader asubuhi, hata mkoba sijautua. Nikamwambia hapakuwa na ratiba ya Idi, sikumsomea mtu kitu kwa simu, Rahaf aliitengeneza yote kichwani mwake.

Bader alivua miwani. "Nani kakutuma uje useme?"

"Hakuna."

"Basi ni uchaji Mungu."

Si uchaji Mungu, lakini sikumsahihisha.

Shawali 7

Nafasi amepewa Mutasim, kwa muda, mpaka hapo watakapoona. Mimi nimeonywa kwa kutoandika ratiba ya pili. Rahaf ameonywa kwa kumdanganya mkubwa wake kuhusu ratiba iliyotumika. Bader amesema gridi haiendeshwi na watu wanaofichiana, hata kama wanafichiana kwa heri.

Jioni Rahaf alikuja Mabela. Hakumsalimia mama yake. Alinikuta jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Umefanya nini, Nasriya?" Hakusema wifi.

"Nimesema kweli."

"N'mekupa kitu, umekitupa, na mie ukanitupa pamoja nacho!"

"Sikukuomba unipe."

"Hukuniomba! Wewe lini ulimwomba mtu kitu?" Alikuwa analia sasa, na sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yao. "N'litaka siku moja tu uwe na kitu kilichotoka kwangu. Unajua n'naishi vipi mie? Kila n'kija hapa ukatoka kwenda jikoni, Mama ananambia, mtazame Nasriya. Nasriya kazaa watatu. Nasriya kajenga. Nasriya mumewe analala nyumbani, si kama wako. Nasriya akiandika jambo nchi nzima inafuata. Na wewe mwanangu, ananambia, kazi yako kufuta alokwisha kuandika mwenzio!"

"Mama kasema hivyo?"

"Bangili unadhani kanipa kwa mapenzi? Kanambia, chukua wewe, masikini, Nasriya hana upungufu."

Nilizima jiko. Mchuzi ulikuwa bado haujaiva.

"Na ratiba?" nikamuuliza. "Ulikuwa unaigusa kwa ajili ya transfoma, au kwa ajili yangu?"

Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Transfoma ilikuwa ikichemka kweli, wallahi. Lakini n'kiipokea ratiba yako n'natafuta kosa mpaka jicho linaniuma. N'kilipata, siku hiyo n'nakuja kufuturu kwenu n'na furaha. N'sipolipata, fleti inanitosha." Akanitazama usoni. "N'nakuonea wivu, wifi. Tangu siku ulipoingia nyumbani kwetu."

Nilipaswa kumhurumia. Nilipaswa kumkumbatia na kumwomba radhi kwa usiku ule wa mwezi, na nimemwomba baadaye, kwa moyo, na yeye akanipa. Lakini kabla ya hayo, Mungu anisamehe, furaha ilinipanda kutoka miguuni, furaha ambayo sikuipata kwa cheo wala kwa sifa ya mtu yeyote mwaka huu. Nikamvutia stuli akae, nikamimina chai ya maziwa vikombe viwili, nikakaa mbele yake.

"Hayo anayoyasema Mama," nikamwambia, "hebu yaseme tena. Anza na la watoto."